Rangi ya majivu ku salo: kununua vyombo vya wazee bila kununua matata

Ukitoka Bukavu na kufuata barabara ya taifa namba 2, ukapita Kavumu na Katana mpaka ukaingia Kalehe, macho yanavutwa kwanza na ziwa. Lakini tazama pia barza za nyumba za zamani, zile za matofali zilizojengwa wakati wa wakoloni. Utaona kiti cha mikono kilichokaa inje miaka na miaka, ao meza ndefu yenye miguu minene, ao benchi iliyotoka ku mission. Mbao zake haziko tena nyekundu wala kahawia. Zimekuwa rangi ya majivu.

Kwa muda mrefu tulivihesabu vyombo hivyo kuwa kuni zinazongojea siku yao. Makala inapopanda bei, kiti cha babu kinaingia jikoni. Lakini siku hizi vijana wetu wanaona ndani ya telefone salo za Ulaya zenye rangi ileile ya majivu, na wanaanza kuuliza: kumbe hii kitu iko na bei? Jibu ni ndiyo. Iko na bei, na iko na historia, na mara nyingine iko na matata. Ndiyo sababu leo tunataka kuongea na wasomaji wetu juu ya namna ya kuchagua chombo cha zamani, kukinunua kwa njia safi, kukitengeneza na kukiweka ndani ya nyumba.

Ile rangi inatoka wapi

Wengi wanafikiri kwamba mbao yenye rangi ya majivu ni mbao iliyooza. Si kweli kila mara. Ndani ya mbao kuna kitu kinachofanya kazi sawa vile kole: kinashikanisha nyuzi zake. Jua linakivunja polepole. Mvua inakuja nyuma na kuosha kile kilichovunjika. Kinachobaki juu ni nyuzi nyeupe-nyeupe, na pamoja na uyoga mdogo usioonekana vizuri kwa macho, rangi inageuka kuwa majivu. Lakini ni ngozi tu, nyembamba, haifiki hata milimeta moja. Chini yake mbao inaweza kuwa nzima kabisa.

Kwetu Kivu hali ya hewa inaharakisha kazi hiyo. Ziwa liko karibu mita 1460 juu ya bahari. Jua la huku juu ni kali, na msimu wa mvua ni mrefu. Kiti kilichoachwa ku barza upande wa mvua hakichelewi kubadilika.

Kuna pia majivu ya namna nyingine. Kuna vyombo vilivyopakwa rangi ya gri tangu zamani, zaidi zile kabati na meza za chuma za biro za serikali, ambazo mtu yeyote aliyetafuta karatasi ku teritware anazijua. Kuna vyombo vilivyokaa jikoni na kushika moshi. Tena kuna vyombo vilivyolala ndani ya maji. Hizi rangi zinafanana kwa mbali, lakini dawa yake si moja. Tutarudia jambo hilo.

Huko Ulaya, rangi hii ilipendwa zamani sana. Wakati wa mfalme Gustav wa 3 wa Sweden, aliyetawala tangu 1771 mpaka 1792, matajiri wa kule walipaka viti na kabati zao rangi ya majivu mepesi ili nyumba ipate mwangaza wakati wa baridi. Wafaransa nao walikuwa na gri zao za majumba ya wafalme, na baadaye mafundi wao walisugua unga mweupe ndani ya mishipa ya mbao ngumu ili ionekane ya kizee. Ni kusema kile ambacho wao wanafanya kwa brosi na kwa gharama, sisi jua la Kalehe linatufanyia bule.

Viliingiaje Kalehe

Kule Ulaya wafanyabiashara wengi wanaita antike kitu chenye kupita miaka 100. Kwa hesabu hiyo, vyombo vingi vya Kivu bado ni vijana. Vingi vilifanywa kati ya miaka ya 1930 na 1960.

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Comité National du Kivu, ile CNKi, na kuipa mamlaka ya kugawia Wazungu ardhi. Wakoloni wakaja na kupanda kahawa, kinini, chai. Kandokando ya ziwa, katika inchi ya Bahavu, plantation zikazaliwa, na kila plantation ilitaka nyumba, na kila nyumba ilitaka vitanda, kabati, bufe na viti vya barza. Bukavu, ambayo mpaka 1954 iliitwa Costermansville, ikajaa nyumba za mtindo wa wakati ule, na mbele ya kila nyumba barza. Kule Lwiro, upande wa Katana, taasisi ya utafiti IRSAC iliyoundwa mwaka 1947 ilijenga jumba lake kubwa, ambalo leo ni la CRSN. Mwenye kutaka kuelewa namna gani watu wa wakati ule walivyoipanga nyumba, aende kutazama pale.

Kuleta vyombo kutoka Ulaya kulikuwa kugumu: bahari, reli, mito, barabara. Kwa hiyo vingi vilifanywa hapahapa, ndani ya ateliye za mission na za wakoloni, kwa mbao za hapa: muvula, libuyu, na baadaye grevilea, ule mti uliotoka Australia na kupandwa ili kivuli chake kifunike kahawa na chai. Mzungu alichora, lakini mwenye kushika randa na msumeno alikuwa mwana wa inchi.

Tunasema hivyo kwa sababu kuna wasomaji wanaochukia vitu hivi, na tunawaelewa. Wanasema: «Namna gani nitaweka ku salo kiti cha mutu mwenye alipigisha babu yangu fimbo?» Ni neno zito. Ardhi ya plantation ilikuwa ya watu mbele ya kuwa ya mkoloni, na mpaka leo ugomvi wa ardhi Kalehe haujaisha. Lakini kiti hakikuwa kazi ya mkoloni peke yake. Babu aliyechapwa fimbo na babu aliyechonga mguu wa kiti walikuwa majirani, mara nyingine walikuwa mtu mmoja. Kukichoma kiti ni kuchoma pia ushuhuda wa mkono wake. Kila familia ijiamulie. Sisi tunasema tu: kabla ya kukitia motoni, kitazame chini, mahali ambapo fundi aliunganisha mbao na mbao. Pale njo utamuona babu.

Kisha vyombo vikaanza kuhama. Wazungu wengi waliondoka karibu na uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Wengine waliondoka mwaka 1967, wakati wapiganaji wa kukodishwa wa Jean Schramme walipokamata Bukavu tangu Agosti mpaka Novemba. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisasio: plantation na maduka ya wageni vikapewa Wazairwa. Nyumba zikapata wenyewe wapya, na vyombo vilivyokuwa ndani vikaenda pamoja nazo, ao vikatawanyika: kitanda kwa kapita, kabati kwa parokia, meza kwa shule. Ndiyo maana leo unaweza kukuta bufe ya plantation ndani ya nyumba ya udongo mlimani, na ikawa pale kwa haki kabisa.

Swali la kwanza: mwenyewe ni nani?

Hapa njo mahali pa kuangalia sana. Mtu akipenda kabati, anauliza bei. Sisi tunashauri aulize kwanza: hii kabati ni ya nani?

Katika mkoa wetu vyombo vimehama kwa njia nyingi ambazo si za soko. Vita ya 1996, ile ya 2004, mpaka kuanguka kwa Bukavu Februari 2025: kila mara watu walikimbia na kuacha milango. Tarehe 4 Mei 2023, maji na tope vilifunika Bushushu na Nyamukubi, hapahapa Kalehe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Kitu kilichookotwa ndani ya tope kiko na mwenyewe, ao mtoto wa mwenyewe. Anayekinunua kwa bei ya kutupa, akijua kilikotoka, asijisifu kwamba alipata bahati.

Tena kuna matata ambayo hayahitaji vita: kilio. Baba anakufa, na kabla hata matanga hayajaisha, ndugu wa marehemu wanaanza kutoa vitu ndani ya nyumba. Kabati inapakiwa, foteyi zinapakiwa, mjane anatazama. Mnunuzi anafika na kupata bei nzuri. Basi tuseme wazi: Sheria ya Familia ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, na inampa mjane ao mume aliyebaki haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba walimoishi na kutumia vyombo vyake. Baba mdogo hana ruhusa ya kuuzisha kitanda cha marehemu kwa sababu tu yeye ni mkubwa wa familia. Na wewe unayenunua, siku mjane ao watoto wakienda kushtaki, kabati itatoka kwako na makuta yako hayatarudi kwa urahisi.

Kwa hiyo, msomaji, fuata hatua hizi.

Kwanza, nunua ndani ya nyumba, si ku barabara. Chombo kilicho mahali pake kinajieleza: alama yake iko ukutani, majirani wanakijua.

Pili, uongee na wote wenye kuhusika. Kama ni urithi, mama wa nyumba awepo, na watoto wakubwa wawepo. Kama ni cha parokia, cha shule ao cha biro ya serikali, mtu mmoja hana uwezo wa kukuuzishia, hata kama iko na ufunguo. Omba karatasi ya wenye mamlaka.

Tatu, andika. Karatasi moja inatosha: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, chombo gani, urefu na upana wake, alama zake, bei, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili. Mkubwa wa kijiji ao wa avenue akitia sahihi, ni vizuri zaidi. Piga picha.

Nne, kama chombo si cha mkoloni lakini ni cha mila, usimame. Kiti cha chifu, ao kile kiti kidogo cha Balega kinachoitwa kisumbi na kinachoenda pamoja na cheo ndani ya bwami, si pambo la salo. Inchi yetu iko na sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali ya utamaduni. Vitu vya namna hiyo vina watu wake na mahali pake.

Na mtu anayeuzisha kwa sababu ya njaa? Tangu vita ifike, familia nyingi zinatafuta namna ya kupata makuta, na salo ndiyo inaenda ya kwanza. Kununua kwake si dhambi. Mara nyingine ni msaada. Lakini kuna tofauti kati ya kununua na kunyonya. Kuna wanunuzi wenye moyo wanaofanya hivi: wanalipa, wanachukua kitu, na wanaandika ku karatasi kwamba kwa muda wa miezi 6 mwenye kuuzisha anaweza kukirudisha kwa bei ileile. Ni jambo dogo. Kwa mama anayetoa kabati aliyooa nayo, si dogo.

Kuijua mbao

Sasa umehakikisha mwenyewe. Shusha macho na utazame chombo.

Kizungushe. Uso wa kabati unaweza kudanganya, mgongo hadanganyi. Chombo cha zamani kinaonyesha nyuma na chini mbao nzima, yenye alama za randa ao za msumeno. Ukikuta triplex iliyovimba ao mbao ya unga uliogandishwa, ni kitu cha juzi.

Vuta tirwari. Zile pembe za mbele, tazama kama zimeunganishwa kwa meno yaliyochongwa na kuingiana, ao kwa misumari tu. Meno yasiyolingana sana ni alama ya mkono wa mtu. Visi nazo zinaongea: ile yenye mfereji mmoja mara nyingi ni ya zamani, ile yenye alama ya msalaba imekuja nyuma, ao ni ya fundi aliyetengeneza baadaye.

Choma kwa ncha ya kisu mahali pa kujificha, zaidi ku miguu. Kisu kikikataa kuingia, ngozi ya majivu ni ya juu tu na mbao ni nzima. Kikiingia sawa vile ndani ya ndizi, miguu imeoza. Itabidi ikatwe na kubadilishwa, na bei ishuke.

Piga-piga kwa mkono na utazame chini. Kama unga mweupe unaanguka kutoka kwa matundu madogo ya mviringo, dudu wangali wanakula. Matundu bila unga, pengine dudu waliisha kwenda. Mchwa ni matata makubwa zaidi: unakula ndani na kuacha ngozi. Mbao iliyoliwa na mchwa ni nyepesi kuliko macho yanavyofikiri, na ukiipiga inalia sawa vile boksi tupu.

Mwisho, mimina matone ya maji. Ukitaka kujua rangi itakuwa namna gani ukipaka verni, ni ileile utakayoona pale ambapo maji yameingia. Hapa wengi wanashangaa: mbao ya majivu ikilowa inageuka kahawia. Verni ya kung'aa inaweza kuua ile rangi uliyoipenda.

Kusafisha, polepole

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kununua kiti kwa sababu ya rangi yake ya kizee, kisha kukipeleka kwa seremala ambaye kwa mazoea anakipitisha randa. Kiti kinarudi chekundu, kizuri, na majivu yameisha. Kumbuka tuliyosema: ile rangi haifiki milimeta moja. Randa ikipita mara moja, umri wote wa kiti umebaki chini ya miguu ya fundi.

Kama unataka kulinda rangi, anza na brosi laini na kitambaa kilicholowa kidogo, maji na sabuni kidogo. Fuata mishipa ya mbao. Uache kikauke kivulini siku kadhaa, si juani, kwa maana kinaweza kupasuka. Nyuzi zinazosimama na kuchoma mkono, zisugue na msasa laini sana, namba 240 ao zaidi, bila kukandamiza. Kisha paka nta ya nyuki kidogo ao verni isiyong'aa, ukijaribu kwanza chini ya kiti.

Chombo kilicholowa ndani ya maji ya mto ao ya ziwa kinataka uvumilivu. Toa tope lote, fungua tirwari na milango, kiweke juu ya matofali mahali pa upepo, na ungoje majuma, si siku. Ukikiingiza ku salo kikiwa kingali na maji, uyoga utapanda mpaka ukutani.

Vyombo vilivyopakwa rangi ya gri zamani vina hatari yake. Rangi nyingi za wakati ule zilikuwa na risasi ndani. Ukisugua kavu, vumbi linaingia ndani ya watoto na kuharibu akili na damu. Watoto na mama mwenye mimba wasikaribie. Lowesha kabla ya kusugua, funika pua na mdomo, kusanya vumbi na usilitupe shambani. Kama rangi ingali imeshika vizuri, dawa bora ni kuiacha na kupaka nyingine juu yake.

Majivu ya chai

Na kama umepata meza nzuri ya grevilea ao ya mikaratusi, lakini bado mpya na haina rangi ya wazee? Kuna njia ya kuifanya bila kununua rangi ya bei kali. Tunaiandika kwa sababu kila kitu kinapatikana kwetu.

Chukua vinegre nyeupe, itie ndani ya chupa ya kioo pamoja na paye-de-fer, zile nyuzi za chuma za kusugulia. Usifunge sana, kwa maana hewa inatoka. Ngoja siku mbili ao tatu, kisha chuja kwa kitambaa. Upande mwingine, pika chai ya Kivu, nzito sana, bila sukari wala maziwa. Paka chai juu ya mbao safi, iache ikauke. Kisha paka ile maji ya vinegre na chuma. Ndani ya dakika chache mbao inaanza kugeuka mbele ya macho yako.

Siri yake ni hii: chai ina tanini, na chuma kikikutana na tanini kinazaa rangi ya majivu mpaka nyeusi. Mbao zenye tanini nyingi zinaweza kuwa nyeusi kabisa. Kwa hiyo jaribu ku kipande pembeni, na uongeze maji ukiona rangi inazidi. Vaa gan ku mikono, na ufanye kazi inje.

Faida si ya salo tu. Libuyu na muvula kubwa zinatoka mbali, na kila mti unaokatwa ndani ya misitu inayozunguka Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo sehemu yake iko ndani ya teritware ya Kalehe, ni mti ambao watoto wetu hawatauona. Grevilea na mikaratusi tunapanda wenyewe ku mashamba. Fundi wa Kalehe anayejua kuipa grevilea sura ya kizee anaweza kupata wateja bila kuingia porini.

Kuipamba salo

Rangi ya majivu peke yake ni ya huzuni. Ukijaza nayo nyumba nzima, wageni watafikiri kuna kilio. Chombo kimoja ao viwili vinatosha. Kabati moja ya majivu ukutani, ao meza ya katikati, na vingine viwe vya kawaida.

Weka karibu yake kitu chenye joto: kitenge chekundu ao cha manjano juu ya foteyi, kikapu, mkeka, chungu cha udongo. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo mama zetu wanafunika navyo viti, usivitupe. Juu ya mbao ya majivu vinaonekana vizuri kuliko juu ya verni. Ukuta mweupe-mweupe ao wa rangi ya udongo unaisaidia. Ukuta wa bluu kali unaifanya ionekane chafu.

Pima mlango kabla ya kulipa. Kabati za plantation zilifanywa kwa nyumba zenye dari ya juu. Nyumba za Kadutu zilizopanda mlima, zenye njia ambayo watu wawili wanapitana kwa shida, haziwezi kuimeza. Tazama kama kabati inafunguka vipande. Nyingi za zamani zinafunguka, na ndiyo njia moja ya kuisafirisha vizuri ku mashua ao juu ya lori.

Usiweke miguu yake moja kwa moja juu ya sima baridi. Kata vipande vya mpira wa gurudumu la zamani na uviweke chini. Iache vidole viwili mbali na ukuta, hewa ipite.

Tena, uifunge ukutani. Tarehe 3 Februari 2008 Bukavu ilitetemeka kwa nguvu, nyumba zikaanguka na watu wakafa, pande hizi na ngambo ya Rwanda. Tunaishi juu ya ufa wa dunia. Kabati nzito ya muvula ikiangukia kitanda cha mtoto, uzuri wake haumsaidii mtu. Visi mbili ndefu na vipande viwili vya chuma ni bei ndogo.

Bei ya kweli

Mwisho, neno juu ya wanaokuja kutoka mbali. Mwaka 2000 Mfaransa mmoja alitoa Brazzaville na Niamey nyumba za chuma ambazo fundi Jean Prouvé alizitengeneza karibu na mwaka 1950. Moja yao iliuzwa New York Juni 2007 karibu dola milioni 5. Kule Chandigarh, India, viti vya biro za serikali vilivyochorwa na Pierre Jeanneret vilitupwa kama takataka na kuuzwa kwa bei ya kuni. Leo vinauzwa Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola kila kimoja. Waliouzisha wa kwanza hawakuibiwa kwa nguvu. Hawakujua tu kile walichokuwa nacho.

Hatusemi kwamba kila kiti cha barza ya Kalehe kina thamani ya vile, vingi havina. Tunasema kwamba mtu akija na gari, akitaka benchi kumi za parokia kwa bei ya kuni, wenye benchi wakutane kwanza. Wazipige picha, waziandike, waulize seremala anayejua. Kisha wauzishe kama wanataka, wakijua.

Na kama katika nyumba yenu mungali na kiti cha namna hiyo, mtafuteni mzee wa familia angali yupo. Mumuulize nani alikifanya, kwa mti gani, kilifikaje nyumbani. Andikeni majibu ku karatasi ndogo na muigandishe chini ya kiti. Siku ya urithi, ile karatasi itaondoa maneno mengi.